Nani aliyeichora? Kitendawili cha Levina Teerlinc, Mflemi aliyewahudumia watawala wanne wa Uingereza

Na Mwandishi Wetu

KATIKA Kituo cha Sanaa za Uingereza cha Chuo Kikuu cha Yale, mjini New Haven nchini Marekani, imehifadhiwa picha ya duara ambayo kipenyo chake hakifikii sentimita 5. Mtu mzima anaweza kuifumbata kiganjani na jirani yake asitambue kuwa ameshika kitu. Ndani ya duara hilo yumo mwanamke kijana, aliyechorwa kwa rangi za maji mbele ya bluu tupu. Kifuani amevaa pambo la kito na amechomeka maua, na kando ya kichwa chake kuna maandishi mafupi ya rangi ya dhahabu yanayoashiria umri wa miaka 18.

Jina lake halikuandikwa. La aliyemchora pia halikuandikwa.

Hata hivyo, kwa miongo kadhaa sasa picha hiyo imekuwa ikitajwa kuwa “inahusishwa na” Levina Teerlinc, mwanamke Mflemi wa mji wa Bruges, katika nchi ambayo leo ni Ubelgiji, aliyefanya kazi katika kasri ya Uingereza kwa takriban miaka 30 ya karne ya 16. Mtazamaji wa kawaida hulipita neno hilo “inahusishwa” bila kusimama. Kwa wanahistoria wa sanaa, ndani yake mna mabishano yaliyoanza tangu miaka ya 1930 na ambayo hayajaisha.

Kinachobishaniwa ni kikubwa kuliko maandishi ya kibandiko cha makumbusho. Iwapo picha hiyo na nyingine chache za aina yake ni za Teerlinc, basi mmoja wa wanawake wa mwanzo kuajiriwa kama mchoraji wa kifalme nchini Uingereza anarejeshewa kazi ya mikono yake. Iwapo si zake, basi mchoraji aliyelipwa mshahara mkubwa kuliko Hans Holbein hana hata picha moja duniani inayojulikana kwa hakika kuwa ni yake.

Binti wa fundi wa vitabu

Ili kuelewa kwa nini jina la Kiflemi linatajwa katika picha ya Mwingereza, ni lazima kurudi kwenye vitabu. Kabla ya uchapaji kuenea, na hata baada yake, matajiri wa Ulaya walinunua vitabu vya sala vilivyoandikwa kwa mkono na kupambwa kwa picha ndogo ndogo, kila moja ikiwa na watu, mashamba, farasi na mawingu katika nafasi isiyozidi ukubwa wa kitambaa cha mkononi. Mafundi hodari wa kazi hiyo mwanzoni mwa karne ya 16 walikuwa wa miji ya Ghent na Bruges, na miongoni mwao aliyesifika sana alikuwa Simon Bening. Picha yake mwenyewe aliyoichora mwaka 1558, akiwa na umri wa miaka 75, ipo hadi leo, na juu yake ameandika jina lake, la baba yake na umri wake. Levina alikuwa binti yake mkubwa.

Picha ndogo ya sura, ile ya kuvaliwa shingoni au kufungiwa ndani ya kijisanduku, ilizaliwa katika karakana za namna hiyo. Vifaa vilikuwa vilevile: ngozi laini ya ndama iliyokunwa hadi kuwa nyembamba, rangi zilizosagwa na kuchanganywa na gundi ya utomvu wa miti ya jamii ya mgunga, miti inayoota katika nchi kavu za Afrika, na brashi za manyoya ya kindi. Kilichobadilika ni kwamba sura ilitolewa ndani ya kurasa za kitabu ikawa kitu cha kujitegemea, na ile ngozi ikabandikwa juu ya kipande cha karata ili isijikunje. Ni karata hizi hizi za kuchezea. Baadhi ya picha hizo zikifunguliwa leo na mafundi wa makumbusho, nyuma ya uso wa mtukufu huonekana alama za karata zilizokatwa nusu.

Waflemi ndio walioupeleka ufundi huo Uingereza. Lucas Horenbout wa Ghent, mwana wa Gerard Horenbout aliyekuwa mchoraji wa Margaret wa Austria, anaonekana kwa mara ya kwanza katika hesabu za Mfalme Henry wa Nane mwaka 1525. Dada yake, Susanna, naye alikuwa mchoraji. Mjerumani Albrecht Dürer alinunua picha yake mjini Antwerp mwaka 1521 na kuandika katika shajara yake kwa mshangao kwamba mwanamke anaweza kufanya kazi nzuri kiasi hicho. Mwandishi Karel van Mander, katika kitabu chake cha mwaka 1604, alisimulia kuwa Holbein mwenyewe alijifunza uchoraji wa picha ndogo kwa bwana mmoja aliyeitwa Lucas katika kasri ya Uingereza.

Holbein alifariki mwaka 1543. Horenbout alifuata mwaka 1544. Ilipofika Novemba 1546, mfalme alimpangia Levina Teerlinc, ambaye wakati huo alikuwa ameolewa na George Teerlinc, malipo ya pauni 40 kwa mwaka. Mshahara wa Holbein ulikuwa pauni 30, na wa Horenbout ulizidi kidogo pauni 33.

Makatibu walimfahamu

Nyaraka za Teerlinc si haba. Baada ya Henry alimtumikia mwanawe Edward wa Sita, kisha Mary wa Kwanza, kisha Elizabeth wa Kwanza. Mwaka 1551 alilipwa pauni 10 kwa kwenda kumchora Elizabeth, ambaye wakati huo alikuwa bado binti wa mfalme tu. Mwaka 1566 yeye, mumewe na mwana wao Marcus walipewa uraia wa Uingereza. Mtaliano Lodovico Guicciardini, aliyeishi Antwerp, alimtaja katika kitabu chake cha mwaka 1567 kuhusu nchi za Uholanzi na Flanders, na mwaka uliofuata Giorgio Vasari naye akamtaja katika toleo la pili la kitabu chake cha maisha ya wachoraji. Alifariki Juni 23, 1576, huko Stepney, London.

Ushahidi mzuri zaidi unatokana na desturi ya zawadi za Mwaka Mpya. Kila Januari watu wa kasri walimpelekea mtawala zawadi, naye aliwarudishia vyombo vya fedha vilivyopakwa dhahabu, na makatibu waliandika kila kitu kwa sababu fedha ilipimwa kwa uzito. Katika orodha hizo jina la Teerlinc linajirudia. Alimpa Malkia Mary picha ndogo ya Utatu Mtakatifu. Alimpa Elizabeth picha ya malkia iliyochorwa juu ya karata. Mwaka mwingine alimpa kijisanduku chenye picha ya malkia pamoja na watu wengine.

Karani wa hazina, kwa maneno mengine, aliziona kazi zake kwa macho na kuzipokea kwa mikono. Lakini karani huandika kile anachokihitaji. Hakuandika kama malkia alivaa gauni la rangi gani, kama alitazama kulia au kushoto, wala kama kulikuwa na maandishi ya dhahabu. Kwa hiyo nyaraka zipo, picha ndogo chache za miaka hiyo nazo zipo, lakini kati ya pande hizo mbili hakuna uzi hata mmoja unaoziunganisha bila shaka. Aidha, sehemu kubwa ya Kasri ya Whitehall iliteketea kwa moto mwezi Januari 1698, na vitu vingi vya kifalme vikapotea pamoja nayo.

Hoja ya mchujo

Namna ya kwanza ya kumtaja mchoraji asiyetia saini ni ya mchujo: nani mwingine alikuwepo? Horenbout alikuwa amekufa. Nicholas Hilliard, Mwingereza aliyekuja kuwa bingwa wa fani hiyo, alizaliwa mwaka 1547, na picha yake ya kwanza ya Elizabeth yenye tarehe ni ya mwaka 1572. Katikati ya vifo vya wakubwa wale wawili na kuibuka kwa Hilliard kuna pengo la robo karne. Katika pengo hilo Teerlinc ndiye mchoraji wa picha ndogo anayeonekana kwenye mshahara wa kifalme mwaka baada ya mwaka.

Hoja hiyo ina nguvu, ila ina tundu. Hesabu za Malkia Katherine Parr za miaka ya 1546 na 1547 zinaonyesha malipo kwa John Bettes, Mwingereza, kwa kuchora picha ndogo za mfalme na malkia. Naye hana picha ndogo inayofahamika kwa hakika. Susanna Horenbout naye alikuwa hai na alikuwa kasrini. Tena, walioweza kulipia sura zao zichorwe hawakuwa wa familia ya mfalme peke yao, na hesabu za kifalme hazikujishughulisha na fedha za watu wengine. Mchujo unaonyesha nani angeweza kuichora picha. Kama ndiye aliyeichora ni swali jingine.

Wa kwanza kujaribu kuvuka kutoka nyaraka hadi picha kwa utaratibu alikuwa Simone Bergmans, aliyechapisha makala kuhusu picha ndogo za Teerlinc mwaka 1934 katika jarida la Burlington la London. Miaka 20 baadaye, mwaka 1954, Erna Auerbach alipitia njia nyingine katika kitabu chake kuhusu wachoraji wa zama za Tudor. Alizichunguza nyaraka za serikali zenyewe, hati na majalada ya mahakama, ambamo herufi ya kwanza mara nyingi ilipambwa kwa sura ya mtawala akiwa amekaa katika kiti cha enzi. Hati zina faida moja kubwa kuliko picha za kuvaa shingoni: tarehe yake haina ubishi.

Kisha mwaka 1983, Roy Strong, ambaye wakati huo alikuwa mkurugenzi wa Makumbusho ya Victoria and Albert mjini London, alifanya maonyesho makubwa ya picha ndogo za Tudor na kuziweka pamoja picha kadhaa chini ya jina la Teerlinc. Miongoni mwake ilikuwamo picha ya mwanamke kijana yenye tarehe ya mwaka 1549, iliyomo katika makumbusho hayo, na nyingine ya Lady Katherine Grey. Kundi hilo ndilo ambalo hadi leo mtu husimamia anapoitazama picha ya Yale na kusema: huu ni mkono uleule.

Mkono hutambuliwaje?

Katika picha yenye ukubwa wa sarafu, mkono wa mchoraji hauonekani mahali pale ambapo jicho la mtazamaji huenda kwanza. Sura inaweza kuigwa. Watafiti hutazama mambo ambayo mchoraji huyafanya kwa mazoea bila kuwaza.

Kwanza ni rangi ya ngozi. Mchoraji wa picha ndogo hakuanza na macho wala pua. Aliweka tabaka moja tambarare la rangi ya mwili katika umbo zima la uso, kisha akajenga mashavu, vivuli na midomo juu yake kwa mipigo midogo mno ya brashi. Chini ya hadubini mipigo hiyo hutofautiana kama miandiko ya watu. Wapo waliochora vistari sambamba, wapo waliovikatiza, wapo waliodondosha vitone. Kisha huangaliwa bluu ya nyuma ilivyotandazwa, hasa pale inapokutana na ukingo wa nywele. Dhahabu ya unga ilivyotumika katika maandishi. Na umbo la herufi na tarakimu, ambalo kwa wachoraji wengi halikubadilika kwa miaka. Jim Murrell, fundi wa uhifadhi wa Makumbusho ya Victoria and Albert aliyefanya kazi bega kwa bega na Strong, ndiye aliyeuweka uchunguzi wa aina hii katika msingi imara.

Vifaa vya kisasa vimeongeza uwezo. Leo aina ya rangi inaweza kutambuliwa kwa mionzi bila kuchubua hata chembe ya picha. Vifaa hivyo ni vizuri sana katika kukanusha. Picha iliyochorwa juu ya pembe za ndovu, kwa mfano, haiwezi kuwa ya karne ya 16, kwa kuwa wachoraji wa Ulaya walianza kutumia pembe badala ya ngozi karibu na mwaka 1700. Rangi iliyotengenezwa kiwandani katika karne ya 18 au 19 nayo hutoa siri, ama ya mghushi au ya fundi aliyerekebisha picha baadaye. Lakini katika kuthibitisha, vifaa vinaishia mlangoni. Teerlinc, Bettes na mafundi wengine wa London walinunua rangi zilezile za aina moja. Kifaa kinaweza kusema bluu hii imetokana na madini gani, lakini hakiwezi kusema ni nani aliyeshika brashi.

Tena picha hizi zimezeeka. Wekundu wa mashavu hufifia kwa mwanga, kiasi kwamba uso uliochorwa ukiwa na damu sasa unaonekana kama wa mgonjwa. Fedha iliyotumika kung'arisha lulu imegeuka nyeusi. Anayesema kuwa mchoraji fulani alipaka rangi kwa wepesi na nyuso zake zimepauka, inampasa kwanza ajiulize kama anaeleza mtindo wa mchoraji au kazi ya jua la dirishani la miaka 400.

Jambo hilo lina uzito wa pekee kwa Teerlinc. Sifa zinazoliunganisha kundi lake ni pamoja na rangi nyepesi iliyopakwa kama maji, mipigo ya brashi isiyokaza, kichwa kinachoonekana kikubwa kuliko mwili, na mikono myembamba kama vijiti. Kwa ufupi, ni udhaifu wa kuchora. Picha zilizokuwa nzuri za miaka hiyo zilikuwa na wa kudaiwa. Zilizobaki, zenye mikono myembamba, zikakusanywa na kupewa Teerlinc.

Hapo ndipo mashaka yanapoanza kuwa na haki. Mfalme aliyekuwa amezoea kazi ya Holbein alimlipa Teerlinc zaidi ya alivyomlipa Holbein, na watawala watatu waliomfuata waliendelea kumweka. Inawezekana malipo hayo hayakuwa ya brashi peke yake, kwani alikuwa pia mwanamke wa kasri mwenye nafasi karibu na malkia. Inawezekana vilevile kuwa alikuwa hodari katika picha za watu wengi, alizozizoea kutoka vitabu vya baba yake, na si hodari katika sura moja moja. Na inawezekana kuwa picha dhaifu si zake kabisa. Kuchukulia udhaifu kama saini ya mwanamke ambaye hakuna anayeijua kazi yake ni njia hafifu ya kumtambulisha mtu.

Lucas ana bahati zaidi

Kwa kulinganisha, hoja ya Lucas Horenbout imesimama vizuri zaidi, ingawa naye hakutia saini. Mwaka 1959 Hugh Paget, akiandika katika jarida lilelile la Burlington, alipendekeza kuwa kundi la picha ndogo za mapema za kasri ya Henry ni la Horenbout. Katika Makumbusho ya Fitzwilliam mjini Cambridge kuna picha ndogo ya Henry wa Nane ambayo maandishi yake yanamtaja mfalme akiwa na umri wa miaka 35. Henry alizaliwa Juni 1491, hivyo picha hiyo ni ya katikati ya miaka ya 1520. Wakati huo Horenbout alikuwa ndiyo kwanza anaingia katika orodha ya mishahara, na Holbein alikuwa ama hajafika Uingereza au amefika tu bila kuajiriwa na mfalme.

Yaani tarehe, mahali, mteja na mtindo wa kiflemi vyote vinaelekea kwa mtu mmoja. Kwa Teerlinc vitu hivyo vinne havijawahi kukutana katika picha moja.

Mwanamke wa miaka 18

Picha ya Yale inaonyesha jinsi kamba hizi zinavyoweza kufungana zenyewe. Mwaka 2007, mwanahistoria Mwingereza David Starkey alitangaza kuwa mwanamke aliyechorwa ni Lady Jane Grey, msichana aliyetangazwa malkia mwezi Julai 1553, akashikilia cheo hicho kwa siku tisa tu, na kukatwa kichwa Februari 12, 1554. Hoja zake zilikuwa mbili: pambo la kifuani linafanana na kito kilichotajwa katika orodha ya vito vilivyopitia mikononi mwa Jane, na maua yaliyochomekwa ni fumbo la jina la mumewe, Guildford Dudley.

Fumbo hilo si la kubuni. Katika Mnara wa London, ambako wana wa ukoo wa Dudley walifungwa baada ya Jane kuanguka, kuna mchongo ukutani unaoonyesha maua na majani kwa ajili ya ndugu wanne. Guildford anawakilishwa na ua lililoitwa gillyflower, na Robert anawakilishwa na mwaloni, kwa kuwa mti huo kwa Kilatini huitwa robur.

Mpinzani mkubwa wa hoja hiyo alikuwa mwanahistoria Eric Ives, aliyeandika kitabu kuhusu Jane mwaka 2009. Jane alikufa akiwa na umri wa miaka 16 au 17. Hakuwahi kufika 18. Iwapo maandishi ya dhahabu ni ya kweli, si yeye. Na katika picha hiyo mwaloni nao umo, jambo lililofungua mlango kwa jina jingine: Amy Robsart, mke wa Robert Dudley, aliyezaliwa Juni 7, 1532 na kuolewa Juni 4, 1550, siku tatu kabla ya kutimiza miaka 18. Umri unalingana, mwaloni unalingana. Uthibitisho wa moja kwa moja haupo.

Tofauti hiyo inamgusa pia mchoraji. Iwapo aliyechorwa ni Jane, mtu wa damu ya kifalme, ni rahisi kudhani kuwa alichorwa na mchoraji wa kasri, na mchoraji wa kasri alikuwa Teerlinc. Iwapo ni Amy, binti wa bwana mmoja wa Norfolk, dhana hiyo inalegea. Hatari ni pale inapogeuzwa: picha ni ya Teerlinc, kwa hiyo aliyechorwa ni wa kasri, kwa hiyo ni Jane, na kwa kuwa ni Jane, basi picha ni ya Teerlinc. Mtu aliyeingia katika duara hilo anaweza kuzunguka siku nzima akidhani anasonga mbele.

Lugha ya vibandiko

Makumbusho na minada ina msamiati wake wa kujikinga, na inafaa msomaji aufahamu. Kibandiko kinapotaja jina la mchoraji bila nyongeza, kinasema: tuna hakika. Kinaposema picha “inahusishwa na” fulani, maana yake ni kwamba wataalamu wanaona kuwa inaelekea ni yake, lakini hawaapi. “Karakana ya” fulani ni kazi iliyotoka chini ya paa lake, labda kwa mikono ya wanafunzi. “Mduara wa” fulani ni mtu wa zama zake aliyemfahamu au kumfuatia. “Mfuasi” anaweza kuwa amekuja miaka mingi baadaye. Katika mnada, bei hushuka kwa kila ngazi, ingawa picha yenyewe haijabadilika hata chembe.

Kwa Levina Teerlinc, ngazi ya juu kabisa haijawahi kufikiwa kwa makubaliano ya wote. Mwaka 2024, Jumba la Tate Britain mjini London lilipofanya maonyesho ya wanawake wachoraji wa Uingereza kuanzia mwaka 1520 hadi 1920, picha ndogo zinazohusishwa naye zilikusanywa tena pamoja, jambo ambalo lilikuwa halijafanyika kwa takriban miongo minne. Kuziweka kando kwa kando kuna faida ambayo picha za vitabuni haziwezi kuitoa, kwa kuwa mipigo ya brashi ya uso mmoja inaweza kulinganishwa na ya uso mwingine papo hapo, chini ya mwanga mmoja.

Picha inayokaribia zaidi kuziba pengo kati ya nyaraka na brashi si sura ya mtu mmoja. Ni ile inayomwonyesha Elizabeth katika ibada ya Alhamisi Kuu, siku ambayo watawala wa Uingereza waliwaosha miguu maskini na kuwapa sadaka. Inakadiriwa kuwa ya miaka ya 1560, na ni mali ya mkusanyiko wa ukoo wa Beauchamp. Malkia yupo, na wamemzunguka watu tele, vichwa vidogo vidogo vimepangwa safu kwa safu kama katika ukurasa wa kitabu cha sala cha Bruges. Wanaoamini kuwa ni ya Teerlinc huikumbuka ile orodha ya zawadi inayomtaja malkia pamoja na watu wengine. Karani hakutaja Alhamisi Kuu, wala maskini, wala miguu.

Mwaka Mpya wa 1576, miezi michache kabla ya kufariki kwake, Teerlinc alipeleka zawadi kwa mara ya mwisho. Ilikuwa tena picha ya malkia juu ya karata, na ilipokewa na kuandikwa kama nyingine zote. Picha hiyo haijatambuliwa hadi leo.